Kuhesabu Zaidi ya Kukariri

Mtoto wa miaka mitatu anayetamka moja, mbili, tatu hadi kumi bila kukosea huwafurahisha wazazi wake, lakini orodha hiyo peke yake haina tofauti kubwa na wimbo, kwa sababu anaweza kuitaja yote bila kufahamu kwamba "tano" huhusu wingi wa vitu vilivyo mbele yake. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza kanuni zinazoongoza kuhesabu kwa kweli: kila kitu hupewa neno moja tu la namba, maneno hayo hufuatana kwa mpangilio usiobadilika, na neno la mwisho kutamkwa ndilo linalotaja idadi ya kundi zima; tena vitu vya aina yoyote huhesabika, na haidhuru mtu akianzia na kipi.

Kanuni ya tatu, yaani ya idadi, huchelewa kueleweka. Karen Wynn, katika uchunguzi uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, alibaini kwamba watoto wengi waliokwisha kujua kuhesabu kwa sauti, walipoombwa kutoa idadi fulani ya vitu, walichota tu bila kuhesabu. Mtoto huelewa kwanza maana ya moja, baadaye mbili, kisha tatu, na safari hiyo huchukua miezi mingi kabla hajang'amua kwamba kuhesabu ndiyo njia ya kuipata idadi yoyote. Kipimo hiki hakina gharama, kwani mzazi aliye jikoni anaweza kumwagiza mtoto alete vitunguu vinne na kutazama anavyovichukua.

Kiswahili chenyewe humsaidia mwanafunzi mahali fulani na kumtega mahali pengine. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, jina la namba hutangaza wazi kwamba kuna kumi na ziada yake. Lakini ishirini, thelathini, arobaini na hamsini, majina yenye asili ya Kiarabu, hayamwonyeshi mtoto kwamba ni makumi mawili, matatu, manne au matano. Hapo ndipo vijiti vinapohitajika, vikifungwa kumikumi ili mwanafunzi aone kwamba 34 ni mafungu matatu ya makumi na mamoja manne, jambo ambalo ndilo msingi wa thamani ya nafasi ya tarakimu.

Wepesi wa namba, kwa maana ya kupata jibu bila kulazimika kuanzia moja kila mara, hukua polepole. Anayejumlisha 8 na 5 kwa mara za mwanzo huhesabu vitu vyote kumi na vitatu. Baadaye hushika 8 na kuendelea na tisa, kumi, kumi na moja, hadi kumi na tatu. Hatimaye huigawa 5 kuwa 2 na 3, akaikamilisha kumi na kubakiza tatu. Vidole ni vyombo halali vya safari hiyo, na mwalimu anayevikataza mapema humwacha mwanafunzi akibahatisha. Hata mdako, mchezo ambao mara nyingi huonekana wa kupoteza muda, una hesabu ndani yake: mchezaji hurusha kokoto juu, huchota nyingine kutoka shimoni kabla hajaidaka, kisha hurudisha zilizozidi, akibakiza moja, halafu mbilimbili, halafu tatutatu, na hivyo hulazimika kuitambua idadi ndogo kwa kutupa jicho tu.

Tanzania ilianza mwaka 2015 kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hata hivyo, katika darasa lenye wanafunzi wengi, kuitikia kwa pamoja hadi mia hubaki njia rahisi, na humficha vizuri sana yule anayefuata midomo ya wenzake. Mwanafunzi anayeweza kuivunja 10 kwa kila namna, 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, yuko mbele ya anayeikariri mia nzima. Kwa hiyo walimu, na wathibiti ubora wa shule wanaowatembelea, wasiuone muhula uliotumika katika namba 1 hadi 10 kuwa ni kuuchelewesha mtaala.