Hiari ya Mshiriki wa Utafiti: Funzo Kutoka Darasa la Saikolojia

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi anayejiandikisha katika somo la utangulizi wa saikolojia hukutana na sharti lisilo la kawaida: kabla muhula haujaisha, atumie saa kadhaa akiwa mshiriki katika tafiti za idara. Hujaza madodoso, hutazama picha kwenye kompyuta, au hupimwa uwezo wa kukumbuka maneno. Kila kipindi anachohudhuria humpatia sehemu ya alama za somo.

Hoja mbili hutolewa kuutetea utaratibu huu. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi huuelewa utafiti vizuri zaidi akiuona kwa macho yake. Ya pili ni kwamba watafiti, hasa wanafunzi wa shahada za juu wasio na fedha za kuwalipa washiriki, hupata watu wa kuwachunguza. Hoja ya kwanza humnufaisha mwanafunzi, na ya pili huinufaisha idara. Hapo ndipo linapozuka swali la kimaadili: je, mtu ambaye alama zake zimo mikononi mwa mwalimu anaweza kweli kukataa?

Hiari na njia ya kuikataa

Kanuni za Nuremberg, zilizotolewa mwaka 1947 katika hukumu ya madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili, zinaanza na ridhaa ya hiari ya mshiriki. Ripoti ya Belmont, iliyotolewa Marekani mwaka 1979, ilifafanua kwamba ridhaa huweza kuharibiwa hata pasipo vitisho, kwa ushawishi usiofaa wa mwenye mamlaka au kwa malipo yaliyopita kiasi. Kwa sababu hiyo, kanuni za maadili za Chama cha Saikolojia cha Marekani zinaagiza kwamba, ushiriki unapokuwa sharti la somo au njia ya kupata alama za ziada, mwanafunzi apewe fursa ya kuchagua kazi nyingine inayolingana nao.

Uzito wa agizo hilo umo katika neno “inayolingana”. Iwapo utafiti huchukua nusu saa ya kubonyeza vitufe, huku kazi mbadala ikiwa insha ya kurasa kumi, uchaguzi huo umebaki kwenye karatasi tu. Mbadala wa haki huhitaji muda na juhudi zinazokaribiana na za utafiti, na huleta alama zilezile. Mara nyingi ni kusoma makala ya kisayansi na kuandika muhtasari wake. Aidha, mwanafunzi anaweza kujitoa katikati ya jaribio bila kuadhibiwa, na mwishoni hupaswa kuelezwa lengo la jaribio hilo. Maelezo hayo yakikosekana, hoja ya elimu huanguka.

Matokeo ni ya nani?

Utaratibu huu una udhaifu wa kisayansi pia. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichapisha uchambuzi wa majarida sita ya saikolojia ya Marekani, akaonyesha kwamba asilimia 96 ya washiriki walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda. Katika mojawapo ya majarida hayo, asilimia 67 ya tafiti zilizofanyika Marekani zilitumia wanafunzi wa saikolojia peke yao.

Mfano wa hatari iliyopo ni mistari ya Müller-Lyer. Mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na ncha zilizoelekea ndani na mwingine nje, huonekana kutofautiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1966 ulilinganisha jamii kadhaa, zikiwamo za Afrika. Washiriki wa Evanston, Marekani, walidanganyika kupita wengine wote, ilhali Wasan wa Kalahari hawakudanganyika takriban hata kidogo. Ikiwa hata macho hutofautiana kwa kadiri hiyo, mhudumu wa afya anayetumia dodoso la sonona au kipimo cha kumbukumbu hana budi kujua kilijaribiwa kwa watu gani.

Kutoka darasani hadi wodini

Mgonjwa humtegemea tabibu wake zaidi ya vile mwanafunzi anavyomtegemea mwalimu. Anayealikwa kwenye utafiti na daktari anayemtibu huweza kukubali kwa kuogopa kuachwa, au kwa haya. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, humtaka daktari awe mwangalifu katika hali kama hiyo. Ridhaa iombwe na mtu mwenye sifa asiyehusika na uhusiano huo.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ni miongoni mwa vyombo vinavyopitia maadili ya tafiti za afya. Hata hivyo, kibali cha kamati hakichukui nafasi ya ridhaa ya mgonjwa. Kabla ya kutia saini, mgonjwa aulize: Utafiti huu unachunguza nini? Una madhara gani? Nikikataa, matibabu yangu yatabaki vilevile? Nikitaka kujitoa kesho, nimwambie nani?

Mhudumu naye ayajibu maswali hayo kwa lugha inayoeleweka, kisha ampe mgonjwa muda wa kutafakari. Akikataa, huduma yake iendelee kama ilivyokuwa.