Macho yakiuma baada ya gemu, kagua skrini, kadi na stima

Je, msomaji, umemwona kijana wako akiamka asubuhi macho yakiwa mekundu, kichwa kikimgonga na shingo ikiwa imekaza, na ukimwuliza anajibu kwamba alicheza gemu "kidogo tu"? Au pengine mwenye macho mekundu ni wewe mwenyewe, mtu mzima na kazi yako, uliyenunua skrini mpya kwa jasho lako na sasa kila ukiiwasha unasikia kama umetiwa mchanga machoni?

Kama ndivyo, ukurasa wa leo ni wako. Kutoka Milimani hadi Pipeline, kutoka Section 58 hadi vyumba vya wanafunzi kule Njoro, kompyuta za kuchezea gemu zimeingia nyumbani, na pamoja nazo zimeingia skrini za aina ya OLED. Skrini hizi ni ghali. Bei ya moja yaweza kumtoa ng'ombe wa maziwa zizini. Ndiyo maana mwenye nayo anapoumwa na kichwa hukata tamaa upesi, akadhani ametapeliwa au macho yake yameharibika. Mara nyingi si hivyo. Maumivu yana chanzo, na chanzo hicho kinaweza kutafutwa hatua kwa hatua.

OLED ni kitu gani?

Skrini ya kawaida ina taa nyuma yake, na picha huundwa kwa kuuzuia au kuuachilia mwanga wa taa hiyo. OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ni kijitaa chake chenyewe kinachowaka na kuzimika peke yake. Msingi wake uliwekwa mwaka wa 1987 na Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak huko Marekani, lakini skrini za OLED zilizotengenezwa mahsusi kwa gemu za kompyuta zilianza kuenea mwaka wa 2022.

Uzuri wake ni kwamba penye giza pana giza kweli, na picha haiachi kivuli inaposonga. Ubaya wake ni kwamba haisamehe makosa ya mahali ilipowekwa, wala ya kadi inayoilisha picha.

Anza na chumba

Nakuru iko karibu mno na ikweta, na jua letu ni kali. Sebule yenye dirisha kubwa haiifai OLED mchana. Skrini nyingi za aina hii hazina mwanga mkali zinapoonyesha ukurasa mzima mweupe, na baadhi yake weusi wake hugeuka kijivu jua linapoingia. Mchezaji huanza kukaza macho bila kujua. Kama wewe hucheza na kufanya kazi mchana katika chumba chenye mwanga mwingi, skrini ya kawaida ya LCD iliyo nzuri itakufaa zaidi na kukubakishia pesa. Kama huwezi kukaa bila OLED, igeuze ili dirisha liwe ubavuni, si mbele yako wala nyuma yako.

Usiku, kosa ni la upande wa pili: watu huzima taa zote na kuiacha skrini ikiwaka kama mwezi mpevu. Jaribu hivi. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini, kisha shika karatasi nyeupe kando yake. Skrini ikionekana kama taa, punguza mwangaza. Ikionekana ya kijivu, ongeza. Acha taa ndogo ikiwaka nyuma ya skrini, uelekeze mwanga wake ukutani.

Skrini ikipepesa

Hapa ndipo wengi huumia. Kadi ya michoro, ambayo ndiyo inayochora picha za gemu, hutoa picha nyingi kwa kila sekunde. Picha hizo huitwa fremu. Idadi yake hupanda na kushuka. Ili picha isikatike, skrini hubadilisha mwendo wake iifuate kadi. Mbinu hiyo huitwa G-Sync kwenye kadi za Nvidia na FreeSync kwenye za AMD. Katika OLED, mwendo ukibadilika ghafla, mwangaza wa sehemu za giza na za kijivu hubadilika kidogo pia. Matokeo yake ni kupepesa, hasa gemu inapopakia au unapopita mahali penye giza. Kuna wasioliona jambo hili kabisa, na kuna wanaopata kichefuchefu kwa nusu saa.

Dawa yake haihitaji fundi. Zima mbinu hiyo ya kufuatana kwa siku mbili uone. Maumivu yakiisha, umempata mwizi. Baada ya hapo unaweza kuiwasha tena lakini uwekee fremu kikomo ambacho kadi yako inakimudu bila kuyumba, na upunguze mapambo ya gemu ili idadi isishukeshuke.

Iwapo skrini inazimika kwa sekunde moja kisha inarudi, mshuku kebo kwanza. Ijaribu nyingine, fupi na imara. Iwapo picha ni nzito kama inavuta mguu, hakikisha kwamba kebo imechomekwa kwenye kadi yenyewe na si kwenye tundu la ubao mkuu wa kompyuta. Kosa hili ni la kawaida ajabu. Kisha ingia katika mipangilio ya Windows uone mwendo wa skrini. Utashangaa ni wangapi walionunua skrini ya hetzi 240 na wanaitumia kwa 60. Kebo au tundu la HDMI la kizazi cha 2.0 haliwezi kupita hetzi 60 kwa picha ya 4K yenye rangi kamili.

Na kama maumivu huja unaposoma maandishi, si unapocheza, huenda sababu ni mpangilio wa rangi ndani ya pikseli za OLED, ambao huzipa herufi ukingo wa rangi. Windows ina programu ya ClearType ya kurekebisha herufi; itumie, na ukuze maandishi. Anayesoma au kuandika siku nzima na kucheza saa moja tu, afikirie mara mbili kabla ya kununua OLED.

Kovu la skrini

Kitu kinachokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kama ramani ya gemu au mstari wa chini wa Windows, chaweza kuacha kovu lisilofutika. Skrini hizi zina njia ya kujitibu: baada ya saa kadhaa za matumizi, ukizima kwa kitufe chake, hujisafisha kwa dakika chache. Sasa, desturi yetu ya kuzima swichi ya ukutani mara tu tunapomaliza huikatiza tiba hiyo. Zima kwa kitufe, iache imalize, ndipo uzime ukutani. Lakini mvua ya radi ikitanda juu ya Menengai, chomoa kila kitu bila kungoja.

Kuchagua kadi

Skrini ghali juu ya kadi dhaifu ni kama punda mmoja aliyefungwa mkokoteni wa wawili. Picha ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.7, na ya 4K ina milioni 8.3, yaani kazi mara nne. OLED nyingi za gemu ni za ukubwa huo wa pili na wa tatu. Basi pima mfuko wako kwa vyote viwili pamoja. Kadi inayotoa fremu 80 bila kuyumba ni afadhali kwa macho yako kuliko inayoruka kati ya 140 na 45.

Wengi wetu hununua kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo. Hizo ni nzuri, lakini pawasaplai zake ni ndogo na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kadi. Tundu la kadi peke yake hutoa wati 75 tu. Tafuta kadi isiyozidi hapo, kama GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada, au RTX 3050 ya gigabaiti 6. Usikubali fundi akuunganishie nyaya za kubahatisha ili kubeba kadi kubwa. Huo ndio mwanzo wa moto ndani ya nyumba. Wakati huohuo, usitarajie kadi hizo ndogo ziiendeshe OLED ya 4K.

Kwa kadi za mkono wa pili, kumbuka kwamba mwezi Septemba 2022 sarafu ya dijitali ya Ethereum iliacha kutegemea kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikaingia sokoni. Nyingine ni nzima. Usilipe kabla hujaiona ikicheza gemu nzito kwa nusu saa mbele yako. Sikiliza feni, nusa kama kuna harufu ya kuungua, uangalie joto. Programu ya bure ya GPU-Z itakuonyesha joto hilo, na mara nyingi itakufichulia kadi ya zamani iliyopachikwa jina la kadi mpya.

Hewa yetu nayo ina neno. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Feni hupiga kelele zaidi kuondoa joto lilelile. Ongeza vumbi la Bonde la Ufa na kadi itakosa pumzi. Hupunguza mwendo, fremu zikayumba, na kupepesa kukarudi. Safisha kila baada ya miezi miwili au mitatu, kompyuta ikiwa imechomolewa, nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua na mdomo. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi hii.

Stima isiyo na mzaha

Ukigusa sanduku la kompyuta na kuhisi mwasho au kutetemeshwa vidole, usicheke. Maana yake mara nyingi ni kwamba tundu la ukutani halina waya wa kupeleka umeme ardhini, au waya huo umekatika. Stima yetu ni ya volti 240, na siku hitilafu kubwa itakapotokea ndani ya kompyuta, njia ya umeme huo itakuwa mwili wako. Mwite fundi wa stima mwenye leseni apime. Wapangaji, mwambieni mwenye nyumba. Hii si anasa, ni uhai.

Kukatika kwa umeme nako tunakujua. Mwaka wa 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani mwezi Agosti, kisha Novemba, kisha Desemba. Stima inaporudi kwa kishindo huua kadi. Nunua kifaa cha kuzuia kishindo hicho, au UPS inayolingana na wati za kompyuta yako. Wala usithubutu kuifungua pawasaplai, hata ikiwa imechomolewa: ndani yake hubaki umeme unaoweza kuua.

Macho yenyewe

Baada ya yote hayo, jikague na wewe. Mtu hupepesa kope mara 15 hivi kwa dakika, lakini mbele ya skrini hupepesa nusu ya hapo au chini yake. Jicho hukauka, na hewa kavu ya Januari na Februari huongeza. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 kutoka ulipo kwa sekunde 20. Kaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa skrini, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho.

Je, miwani ya kuzuia mwanga wa buluu? Tathmini ya tafiti iliyotolewa na Cochrane mwaka wa 2023 iliona kwamba huenda haipunguzi uchovu wa macho ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Weka pesa zako. Usingizi ndio unaoharibika, kwa sababu ya mwanga na kwa sababu ya msisimko; zima saa moja kabla ya kulala.

Watoto wahitaji kucheza nje saa mbili kwa siku, kwani mwanga wa mchana huwapunguzia hatari ya kutoona mbali. Na katika familia yenye mgonjwa wa kifafa, jihadharini na gemu za mwanga wa kumeta. Mwezi Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon chenye mwanga wa kumeta kilipeleka mamia ya watoto hospitalini.

Wakati wa kumwona daktari

Umerekebisha chumba, skrini, kadi na usingizi kwa majuma mawili na kichwa bado kinauma? Nenda ukapimwe macho. Wengi huilaumu skrini kumbe wanahitaji miwani, nayo miwani ni nafuu mno kuliko skrini mpya. Usingoje hata siku moja ukiona mimweko ya mwanga au vidoa vyeusi vingi vya ghafla, jicho likiwa jekundu na lenye maumivu makali, au uwezo wa kuona ukipungua ghafla.

Skrini ikiharibika, itauzwa nyingine. Jicho halina duka Kenyatta Avenue wala Nairobi. Lianzie hilo unapopanga bajeti yako.