Chumba cha Dereva wa Lori: Mambo ya Kuzingatia Unaponunua, Unapokarabati au Unapokodi

Malori yanayobeba shehena kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita Kibaha kwa Barabara ya Morogoro. Kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma pekee ni zaidi ya kilomita 900. Katika safari hiyo dereva hukaa siku kadhaa ndani ya chumba kisichozidi ukubwa wa stoo ya nyumbani. Humo hufanya kazi, hula, hutunza nyaraka za mzigo na hulala, iwe ni kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza au kando ya barabara Mlandizi.

Kisarawe hali ni nyingine. Malori mengi ya huko hufanya safari fupi za kubeba mbao, mazao na vifaa vya ujenzi, na dereva hurudi kwake jioni. Hata hivyo, barabara za vumbi humtikisa mchana kutwa. Kwa hiyo dereva wa safari ndefu huhitaji kwanza kitanda, na yule wa safari fupi huhitaji kwanza kiti.

Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu anaweza kuwa mfanyabiashara anayekodi lori, mwanafamilia aliyechangia fedha za kununua lori la kwanza, au abiria wa basi linalopishana na lori hilo usiku. Sheria ya Usalama Barabarani huweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari mazito. Kwa mwendo huo lori husafiri takribani mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akisinzia kwa sekunde tatu tu, tani nyingi za chuma na mzigo huwa zimekwenda zaidi ya mita 60 bila mwongozaji. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mpangilio mzuri wa chumba cha dereva si anasa. Chumba hicho ni sehemu ya usalama wa gari, kama zilivyo breki na matairi.

Kwa nini vyumba vinatofautiana

Malori mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya yana chumba kifupi kilichokaa juu ya injini. Sheria za huko hupima urefu wa gari zima, kichwa pamoja na tela, hivyo kila sentimita anayopewa dereva huweza kupunguza nafasi ya mzigo. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1982, ukomo wa urefu katika barabara kuu huangalia tela na si kichwa. Ndiyo sababu malori yao yana pua ndefu na vyumba vipana vya kulala.

Kwa mnunuzi wa hapa nchini, maana yake ni hii: lori lenye injini chini ya chumba hupitisha joto na mtetemo zaidi iwapo vizuia joto vya sakafuni vimechakaa. Aidha, si kila kichwa kina kitanda. Kichwa kilichoundwa kwa safari za mchana hakifai kupelekwa Lubumbashi kwa kuwekewa godoro juu ya viti.

Mambo ya kukagua

Kiti. Kiti cha upepo hupunguza mtikisiko unaoumiza mgongo. Keti, kisha usikilize: kikishuka polepole au kikitoa mlio wa upepo, kinavuja. Hakikisha kinasogea mbele na nyuma, na kwamba dereva anafikia pedali zote bila kujinyoosha. Jihadhari na kiti cha gari jingine kilichochomelewa mahali pa kile cha asili. Katika viti vingi vya upepo mkanda wa usalama umefungwa kwenye kiti chenyewe. Kiti kikibadilishwa ovyo, mkanda hubaki bila mahali imara pa kushikia.

Kitanda. Urefu wake uzidi kimo cha dereva, na godoro liwe gumu kiasi cha kutobonyea hadi chini. Pazia lizuie mwanga wa mchana, kwa kuwa dereva aliyeendesha usiku hulala wakati jua limewaka. Katika ukanda wetu wa Pwani, madirisha yawekewe wavu wa mbu, au pawe na nafasi ya kutundika chandarua. Kama dereva husafiri na utingo, amueni mapema nani atalala wapi. Watu wawili hawapumziki katika kitanda cha mmoja.

Hewa na joto. Kagua mipira ya milango na matundu ya sakafuni. Moshi wa ekzosi unaopenya ndani hubeba gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua mtu akiwa usingizini. Kwa sababu hiyo hiyo, jiko la mkaa lisiwashwe wala kuhifadhiwa ndani ya chumba likiwa na makaa, hata kama madirisha yameachwa wazi kidogo.

Umeme. Malori mengi mazito hutumia volti 24, ilhali redio, feni na chaja nyingi za magari madogo ni za volti 12. Fundi akichukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili, betri hiyo huchoka mapema na lori hugoma kuwaka njiani. Dai kifaa maalumu cha kupunguza umeme, na kila waya mpya uwe na fyuzi yake. Mtungi wa kuzimia moto ukae mahali ambapo dereva anaufikia akiwa ameketi.

Mapambo. Vishada, bendera na stika kwenye kioo cha mbele humwibia dereva sehemu ya barabara, na mara nyingi sehemu hiyo ndiyo anayotokea mtembea kwa miguu au bodaboda. Kitambaa cheupe juu ya dashibodi huakisi mwanga kwenye kioo.

Hifadhi. Chupa ya maji inayobingirika hadi chini ya breki inaweza kusababisha ajali. Masanduku yenye vifuniko chini ya kitanda hugharimu kidogo kuliko pambo lolote.

Mwenye fedha chache aanzie wapi?

Tunashauri utaratibu huu: kwanza, ondoa kinachoziba kioo na kinachobingirika sakafuni, pili, ziba matundu na rekebisha nyaya, tatu, tengeneza kiti na mkanda, nne, boresha kitanda, mwisho, kama fedha zimebaki, pamba. Mafundi wengi huombwa kuanzia mwisho wa orodha hii. Kabla ya kazi kuanza, andikianeni vifaa vitakavyotumika, gharama na muda wa dhamana, kisha dai risiti ya EFD.

Chumba kizuri hakichukui nafasi ya saa za kupumzika

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 baada ya kufanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na kwa kawaida mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kwa hiyo unapokodi lori, usimwahidi mteja wako muda wa kufika ambao hauwezekani bila dereva kukesha. Uliza maswali matatu: dereva atalala wapi, atalala saa ngapi, na nani atalipa mzigo ukichelewa kwa sababu amelala? Mmiliki asiyeweza kuyajibu anakuuzia hatari kwa bei nafuu.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Kwa huduma ya usafirishaji isiyoridhisha, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC) lipo kutetea maslahi yako. Ukiuziwa gari au kifaa kisicholingana na maelezo ya mwuzaji, iendee Tume ya Ushindani (FCC). Dereva aliyeajiriwa ana haki ya mahali salama pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Mgogoro wa saa za kazi au mapumziko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Popote uendapo, chukua mkataba, risiti na picha za kasoro unayolalamikia.