Usiku Baragwanath Ilipokosa Majeruhi

Madaktari wa majeruhi katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, wanaujua mkesha wa Mwaka Mpya kama mvuvi anavyoijua bamvua. Huja na visu, risasi, vioo vya chupa na magari yaliyogongana. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2021 bamvua haikuja. Picha za vitanda vitupu zikaenea Afrika Kusini nzima, na waliofanya kazi pale miaka mingi wakasema hawajapata kuona.

Siku tatu nyuma, tarehe 28 Desemba, Rais Cyril Ramaphosa alikuwa ametangaza kafyu ya saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi na kupiga marufuku uuzaji wa pombe, ili vitanda vibaki kwa wagonjwa wa korona. Sasa nani alituliza usiku ule: askari wa doria, au duka la pombe lililofungwa?

Kwa bahati (kama neno hilo linafaa), serikali ilikuwa imefungua na kufunga bomba la pombe mara kadhaa. Pombe ilizuiwa 27 Machi 2020, ikaruhusiwa 1 Juni, na majeruhi wakarudi wodini. Ikazuiwa tena 12 Julai pamoja na kafyu, ikaruhusiwa 18 Agosti huku kafyu ikibaki.

Hata hivyo daftari la mapokezi linaweza kudanganya. Mtu aliyechomwa kisu mkononi saa 5 usiku, usafiri hakuna na doria iko barabarani, atajifunga kitambaa na kusubiri kuche. Hospitali itaandika usiku shwari. Ndiyo maana watafiti waligeukia vifo, maana kifo hakiahirishwi. Kai Barron na wenzake walikadiria kwamba marufuku ya Julai na Agosti ilipunguza vifo vya majeraha kwa angalau asilimia 14.

Kundi jingine, likiongozwa na Tom Moultrie wa Chuo Kikuu cha Cape Town, lilipambanua pombe na kafyu. Pombe ilipofungwa kabisa, vifo visivyo vya maradhi vilishuka, kafyu iwe ndefu au fupi. Pombe ilipouzwa, hata kwa masharti, nafuu hiyo haikuonekana. Mimi sishangai sana. Kafyu inamtoa mtu barabarani, lakini ugomvi wa walevi unaweza kuzuka sebuleni kwake vilevile. Na marufuku nayo ilivuja: watu walichachusha mananasi majumbani.

Kuna hesabu moja ambayo watetezi wa kafyu huiruka: majeraha yanayoletwa na kafyu yenyewe. Siku ileile Afrika Kusini ilipojifungia, 27 Machi 2020, Kenya ilianza kafyu yake ya saa 1 jioni. Kivukoni Likoni, Mombasa, watu waliotoka kazini walikuwa wamejazana wakisubiri feri, na saa ilikuwa haijafika. Polisi wakawarushia mabomu ya machozi na kuwapiga virungu. Siku chache baadaye, mtaani Kiamaiko, Nairobi, risasi ya polisi waliokuwa wakisimamia kafyu ilimuua mvulana wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya kwao.

Mkono uliopasuliwa na kirungu hupokelewa na muuguzi yuleyule, na hushonwa kwa uzi uleule. Mtafiti akija kuhesabu majeraha ya ukatili wakati wa kafyu, jeraha hilo nalo litakuwemo.