Glen Campbell: Mpiga Gitaa Aliyefunikwa na Sauti Yake

Mtaje Glen Campbell mbele ya mtu aliyekuwa akisikiliza redio miaka ya sabini, naye atakuimbia kiitikio cha "Rhinestone Cowboy", wimbo uliofika nambari moja Marekani mwaka 1975. Atakukumbusha nywele zilizochanwa vizuri, suti zenye kumetameta na sauti nyororo iliyopanda juu bila kukwaruza. Muulize sasa kuhusu gitaa la Campbell. Wengi hawana la kusema, ingawa miongoni mwa wanamuziki wenzake Campbell alijulikana kwanza kwa gitaa, na uimbaji ulikuja kumletea umaarufu baadaye.

Nimefundisha gitaa kwa muda wa kutosha kuona jambo hili likijirudia. Mtu anaupenda wimbo wa kantri tangu ujana, anaujua kwa moyo, kisha akishapita miaka arobaini au hamsini ndipo anaanza kusikia vidole vilivyo nyuma ya maneno. Wimbo ni uleule aliokuwa nao miaka yote. Kuna sababu za kimuziki zinazochelewesha usikivu huo, na Campbell ni mfano mzuri wa kuzieleza.

Alizaliwa mwaka 1936 karibu na kijiji cha Delight, jimbo la Arkansas, mtoto wa saba wa kiume katika familia ya wakulima maskini. Alipokuwa na miaka minne, baba yake alimnunulia gitaa la dola tano, na ami yake mmoja akamwonyesha namna ya kulishika. Shule ya muziki hakuiona, na kusoma noti hakuwahi kujifunza vizuri. Alichokuwa nacho ni sikio. Alisikiliza sana sahani za Django Reinhardt, mpiga jazi wa Ulaya aliyepoteza matumizi ya vidole viwili vya mkono wa kushoto katika ajali ya moto na bado akapiga solo ambazo wenye vidole vyote huhangaika nazo. Ukiyajua hayo, hutashangaa kukuta ndani ya nyimbo za Campbell mistari ya gitaa yenye harufu ya jazi, iliyofichwa katikati ya kantri ya kawaida.

Akiwa kijana alikwenda Albuquerque, New Mexico, kupiga katika bendi ya mjomba wake. Mwaka 1960 alihamia Los Angeles, na huko ndiko kazi yake kubwa ya gitaa ilikofanyika, ingawa jina lake halikuonekana popote. Aliingia katika kundi la wapigaji wa kukodiwa studioni, ambao baadaye walikuja kujulikana kama Wrecking Crew. Humo walikuwemo Hal Blaine kwenye ngoma, Carol Kaye kwenye besi, Tommy Tedesco kwenye gitaa na Leon Russell kwenye piano. Kampuni ilipokuwa na mwimbaji na wimbo lakini haina bendi, iliwaita hawa. Walifika, wakasikia wimbo kwa mara ya kwanza, wakaupiga, wakaurekodi, kisha wakaondoka kwenda studio nyingine.

Campbell alipiga gitaa katika "Viva Las Vegas" ya Elvis Presley, katika "Strangers in the Night" ya Frank Sinatra, na katika albamu ya Beach Boys iitwayo Pet Sounds, ambayo wachambuzi wengi huiweka miongoni mwa albamu bora za karne iliyopita. Beach Boys wenyewe walipopungukiwa na kiongozi wao Brian Wilson mwishoni mwa 1964, walimwita Campbell ashike besi na kuimba sauti za juu katika ziara yao. Kwa hiyo msikilizaji anayedhani hajawahi kumsikia Campbell kabla ya 1967, huenda alikwishamsikia mara nyingi bila kujua.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchelewa kumtambua. Zama hizo majalada ya sahani za pop hayakuandika majina ya wapigaji wa studio. Mwimbaji alipata picha na jina, mtunzi akapata mstari mmoja kwenye lebo, na mpiga gitaa akapata ujira wake akaenda nyumbani. Umma ulianza kulifahamu kundi hili kwa mapana miaka mingi baadaye, pale vitabu na filamu za kumbukumbu zilipotoka.

Kazi ya studio pia ilimfunza nidhamu inayomfanya asisikike kirahisi. Mpigaji wa kukodiwa halipwi ili ajionyeshe. Hulipwa ili wimbo usimame. Anapaswa kujua wapi pa kunyamaza, uzi gani upigwe mwimbaji anapovuta pumzi, na sauti gani ya gitaa isigongane na sauti ya binadamu. Kwa kuwa hakusoma noti, Campbell alitegemea sana kapo, kile kibano kinachofungwa shingoni mwa gitaa na kupandisha nyuzi zote kwa pamoja. Kwa kapo, mpigaji huendelea na mikao ya vidole aliyoizoea hata mwimbaji akibadilisha ufunguo, na nyuzi zilizoachwa wazi huendelea kulia kwa uhuru. Wapo wanaokidharau kibano hiki na kukiona ni cha wanafunzi. Mikononi mwa Campbell kilimpa sauti ya wazi, inayong'aa, katika ufunguo wowote aliouhitaji mwimbaji.

Mwaka 1967 mambo yaligeuka. Alirekodi "Gentle on My Mind" ya John Hartford na "By the Time I Get to Phoenix" ya Jimmy Webb, na katika tuzo za Grammy zilizofuata Campbell alivuna tuzo nne kwa nyimbo hizo mbili. Kuanzia 1969 hadi 1972 akawa na kipindi chake cha televisheni kwenye kituo cha CBS, na mwaka huohuo wa 1969 akaigiza pamoja na John Wayne katika filamu ya True Grit. Nyota ilipanda, gitaa likarudi nyuma. Mtu mwenye sura nzuri, sauti nzuri na kamera mbele yake hatazamwi vidole.

Kipande cha kumsikilizia vizuri ni "Wichita Lineman" ya 1968. Jimmy Webb aliutunga baada ya Campbell kumwomba wimbo mwingine wenye jina la mahali, kufuatia mafanikio ya "Phoenix". Unamhusu fundi wa nyaya za simu akiwa peke yake kwenye nguzo, katika nchi tambarare ya Kansas. Webb aliupeleka akiamini haujakamilika, kwa maana ubeti wa tatu ulikuwa haujaandikwa. Alipokuja kuuliza, aliambiwa umekwisharekodiwa. Pale palipopungukiwa na ubeti, Campbell alikuwa ameweka gitaa.

Sikiliza anavyolijaza pengo hilo. Hakutumia gitaa la kawaida. Alichukua besi ya nyuzi sita ya Danelectro, chombo cha Carol Kaye, ambacho hupangwa kama gitaa lakini sauti yake iko chini kwa oktava nzima. Kisha hakupiga noti nyingi. Alipiga melodi ya ubeti wenyewe, polepole, kwa sauti nzito inayotetemeka, kana kwamba fundi yule ameishiwa maneno na nyaya zinamalizia. Fidla za juu alizopanga Al De Lory zinalia kama umeme ndani ya waya, na besi ya Kaye ndiyo iliyofungua wimbo kwa kushuka ngazi. Wimbo unaanzia katika ufunguo wa F, unatembea hadi D, na ubeti unaishia huko bila kurudi ulikotoka. Sikio hubaki na hamu ya kufika nyumbani. Solo ya Campbell inaipokea hamu hiyo na haiitulizi.

Kijana anayejifunza gitaa akiisikia solo hiyo mara nyingi hupita bila kusimama. Anatafuta kasi, na pale hakuna kasi. Inahitaji mtu aliyekwisha kujaribu kupiga noti chache na kugundua kwamba chache ndizo ngumu, kwa sababu kila moja iko uchi. Hapa ndipo umri unaposaidia. Sikio la ujana hutafuta maneno na mdundo. Miaka ikisonga, maneno tumeyakariri na hayatushughulishi tena, na nafasi ya kusikiliza vyombo inafunguka.

Kwetu Afrika Mashariki ipo sababu nyingine, nayo inatokana na muziki wetu. Sikio letu limelelewa na rumba, dansi na benga, ambako wimbo una sehemu mbili. Kwanza huimbwa, kisha waimbaji wanakaa pembeni na magitaa yanapewa uwanja. Tanzania twaiita sehemu hiyo chemko, na kwa wenzetu wa Kongo ni sebene. Humo solo, gitaa la pili, rithimu na besi hujadiliana kwa dakika kadhaa. Mbaraka Mwinshehe alipomaliza kuimba na Morogoro Jazz, alikuwa na uwanja wa kutosha kuonyesha kwamba yeye ni mpiga solo pia, na hakuna shabiki wake aliyehitaji miaka thelathini kuligundua hilo.

Kantri haina chemko. Wimbo mzima ni dakika tatu, na gitaa hupewa sekunde kumi na tano au ishirini kabla mwimbaji hajarudi. Mengine yote hufanyika chini ya maneno, katika vijibu vifupi baada ya kila mstari. Mashabiki wa Kenya, ambako Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton ni majina yanayofahamika sana, hupenda kantri kwa hadithi zake, na wana haki. Lakini anayengoja gitaa lipewe uwanja wake atangoja hadi wimbo uishe.

Campbell si peke yake aliyefichwa hivyo. Jerry Reed alijulikana na umma kwa vichekesho na kwa kuigiza dereva wa lori katika filamu ya Smokey and the Bandit ya 1977, ilhali kipande chake cha gitaa kiitwacho "The Claw" bado ni mtihani kwa wapigaji wa vidole duniani. Roy Clark alichekesha watu katika kipindi cha televisheni cha Hee Haw, akiwa pia bingwa wa gitaa na banjo. Willie Nelson ana gitaa la nyuzi za nailoni aliloliita Trigger, lililotoboka usoni kwa kupigwa tangu 1969, na ndani ya solo zake yumo Django yuleyule. Hawa walisikilizana. Kipande cha gitaa kinachofungua "Southern Nights", wimbo wa Allen Toussaint uliompeleka Campbell nambari moja mwaka 1977, kilitokana na Reed.

Ushahidi wa mwisho wa gitaa la Campbell ulitolewa katika hali ya huzuni. Juni 2011, akiwa na miaka 75, familia yake ilitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Alifanya ziara ya kuaga iliyopangwa kuwa fupi na ikarefuka hadi maonyesho 151, mengi akiwa na wanawe watatu jukwaani. Maneno ya nyimbo aliyasoma kwenye skrini iliyowekwa mbele yake. Aliweza kusahau mji aliopo na kurudia wimbo aliokwisha kuuimba. Lakini solo ilipofika, vidole viliingia mahali pake, na alishindana na binti yake Ashley aliyekuwa akipiga banjo.

Sayansi ya ubongo inalo jibu. Alzheimer hushambulia mapema sehemu iitwayo hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu za matukio, majina na siku. Ujuzi wa mikono uliorudiwa maelfu ya mara, kama kuendesha baiskeli au kupiga gitaa, hutegemea zaidi sehemu nyingine za ubongo, ambazo ugonjwa huu huchelewa kuzifikia. Gitaa la Campbell lilianza kuhifadhiwa humo tangu akiwa na miaka minne, kwa hiyo lilikuwa miongoni mwa vitu vya mwisho kumwacha. Onyesho la mwisho la ziara lilifanyika Napa, California, tarehe 30 Novemba 2012. Alifariki Nashville Agosti 2017.

Nina ombi kwa msomaji aliye na nyimbo hizi kwenye simu yake. Vaa spika za masikioni, kwa sababu spika ndogo ya simu huiua besi na nusu ya gitaa. Chukua "Gentle on My Mind", sikiliza mara moja kama kawaida, kisha rudia ukifuata gitaa pekee, ukiyaacha maneno yapite. Nenda kwenye "Wichita Lineman" na ungoje mahali pasipo na ubeti. Malizia na maonyesho yake ya jukwaani, ambako alijipa nafasi aliyojinyima studioni. Baada ya hapo fanya vivyo hivyo kwa wimbo wowote wa zamani unaodhani umeshaumaliza. Campbell alikuwa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa Marekani wa zama zake, na kwa kumtambua hivyo leo hujachelewa, kwa kuwa kila noti aliyoipiga bado imo ndani ya sahani zilezile.