Droni Isiyobisha Hodi

Minjila ni njia panda. Anayetoka Malindi huendelea kaskazini kuelekea Hola na Garissa, au hukata kulia akauvuka mto Tana kwenda Witu na Lamu. Hapa na katika vijiji vya Garsen wanaishi Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, na Waorma na Wawardei wafugaji, pamoja na wengi walioletwa na biashara au kazi ya serikali. Vijana wa jamii zote hizo hutazama video zile zile kwenye simu, zikiwemo za droni ndogo inayoingia dirishani, ikapita chini ya meza na kutokea mlango wa jikoni, huku anayeirusha amevaa miwani inayomwonyesha kila inachokiona. Kijana akitamani ya kwake, huanza kwa kuuliza bei na kasi. Nadhani angeanza na nyumba, na wenyewe waliomo.

Kuirushia nje ni kujitafutia maneno. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zimeziweka droni chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, tangu kuingizwa nchini hadi kusajiliwa na kurushwa, kwa hiyo ofisi yao iulizwe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Barabara ya Lamu ina vizuizi vya polisi, na askari hana sababu ya kuamini kwamba kidude kinachovuma juu ya kichwa chake ni cha mchezo. Halafu kuna ng'ombe. Kundi linaloshuka malka, ile njia ya mifugo ya kufikia maji, likikurupushwa na mvumo usiojulikana litaishia shambani mwa mtu. Malisho, maji na mashamba ndiyo yaliyokuwa katikati ya mapigano ya 2012 yaliyoua zaidi ya watu mia moja katika delta hii. Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, na Matadeda ya Waorma wana kesi za kuwatosha bila ya kuongezewa ya droni.

Basi ni ndani. Lakini ndani mwa nani?

Nyumba ya asili ya Kiorma hujengwa na mwanamke, na ni yake. Fito hupindwa zikakutana juu, zikafunikwa kwa nyasi au mikeka hadi nyumba ikawa kuba, na mlango ni mfupi wa kuinamia. Mchana wa jua kali mle ndani kuna kiza na ubaridi. Droni nyingi za kisasa zinazosifiwa kwamba zinajituliza zenyewe hewani hutegemea kamera ya tumboni inayosoma alama za sakafu. Kwenye kiza hicho huanza kuyumba na kujiendea. Zinazotegemea setilaiti nazo hazipati mawimbi ya kutosha chini ya paa la bati. Kwa hiyo kinachofaa huku ni kile kinachoongozwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na mkono huo uwe umekwisha kufundishwa kwa programu ya mazoezi kwenye kompyuta kabla ya kugusa droni yenyewe.

Ukubwa hauna mjadala mrefu. Mnamo 2016 Mmarekani Jesse Perkins alieneza mtindo wa kufunga kamera kwenye kidroni cha kuchezea chenye mapanga yaliyozungushiwa pete, akauita Tiny Whoop, na jina hilo limebaki kwa ukoo mzima. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 65 kutoka mota hadi mota ya upande wa pili, mapanga ya milimita 31, na uzito wa gramu ishirini na kitu bila betri. Kikimgonga mtoto atacheka. Zile pete msikubali kuzikosa, hata muuzaji akisema droni isiyo nazo ina kasi zaidi. Nyumba zetu zina watoto wanaotambaa, zina vyandarua vilivyoning'inia, na kwa Waorma zina vyombo vya maziwa vilivyofukizwa moshi, ambavyo mama mwenye nyumba hatavumilia virushiwe vumbi. Kipimo cha milimita 75 hubeba kamera bora, ila hupuliza upepo mwingi zaidi. Kwenye sakafu ya udongo utakuwa umefagia bila ya kuombwa. Na chini ya makuti kaa mbali na paa: panga likinasa ukuti, droni hubaki huko juu mpaka apatikane wa kupanda.

Vidude hivi vina kelele kama nyuki waliochokozwa, na wanunuzi wengi huona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo sifa yake kubwa. Mtu wa pwani haingii kwa mtu bila ya kubisha hodi, na akishabisha husubiri. Haichungulii ile nafasi iliyo baina ya hodi na karibu, maana huko ndani mtu anavuta leso, anaketi vizuri, anawahi kuondoa kisichotakiwa kuonwa. Droni haijui kusubiri. Basi angalau isikike ingali mbali, ili mama aliye uani ajue kuna jicho linakuja. Anayeuliza droni ya kimya ya kurushia ndani ya nyumba za watu, mimi ningemuuliza ana shida gani.

Kwa sababu hiyo hiyo napendelea picha ya analogi kuliko ya dijitali, ingawa ya dijitali ni safi zaidi na ile ya analogi hujaa chenga kwenye vyumba vya mabati, ambako mawimbi hugonga ukuta na kurudi. Picha ya analogi hupokelewa na kioo chochote kilichowekwa kwenye masafa hayo hayo. Weka kioo kidogo mkekani, na babu, shangazi na jirani wataona kile kile anachokiona rubani. Hapo mchezo unakuwa wa nyumba nzima. Aliyejifunika miwani peke yake, akiinamisha shingo huku na huku, anaonekana mkosa adabu hata kama hana nia mbaya: mzee akiingia hamwoni, hamwamkii, hainuki. Na aliyevaa miwani awe na mwenzake wa kumgusa bega mzee anapofika. Betri ya kidroni hiki hudumu dakika tatu au nne tu, basi salamu haitachelewa sana.

Palipo pagumu zaidi ni harusini. Wapiga picha wa mjini wamekwisha kuzoea kurusha droni juu ya msafara wa bwana harusi, na sasa wenye harusi wanataka ipite na ukumbini, baina ya mapambo. Katika harusi za Kiislamu za pwani, kuanzia Mombasa hadi Lamu, usiku wa kupamba ni wa wanawake. Mabuibui huvuliwa, nywele na nguo za thamani hutoka, na mara nyingi simu hukusanywa mlangoni. Kamera inayoruka haina pa kukusanyiwa. Kwa jioni kama hiyo rubani awe mwanamke, na kuna wasichana wa kutosha Garsen wanaoweza kujifunza. Droni iwe ile ile ndogo yenye pete, na isiwe ya kupeleka picha moja kwa moja kwenye simu au mtandaoni. Analogi niliyoisifu haifai hapa, kwa sababu hiyo hiyo niliyoisifia: kijana aliyeketi nje na kioo chake ataona yote. Hapo ndipo dijitali inapostahili bei yake, kwa kuwa picha zake haziwezi kudakwa na kioo cha kila mtu. Irekodi kwenye kadi, na sherehe ikiisha kadi itolewe mbele ya somo wa bibi harusi, aiweke yeye.