Baba Mzazi Anapodai Mtoto Aliyezaliwa Katika Ndoa ya Mwingine

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa wa mume wa mama yake. Sheria nayo huanzia hapo. Mahakama za Uganda humchukulia mume kuwa baba hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ushahidi humhesabia mume hata mtoto aliyezaliwa ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika, ikiwa mama hajaolewa tena, isipokuwa ithibitike kwamba wawili hao hawakukutana katika kipindi ambacho mimba ingeweza kutungwa.

Je, mwanamume anayeamini kwamba mtoto huyo ni damu yake afanye nini? Swali hili hutufikia vituoni, hasa katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, ambako mume aweza kukaa miezi mingi ng'ambo akitafuta riziki.

Ieleweke kwanza kwamba polisi hawana mamlaka ya kumtangaza mtu kuwa baba. Mwenyekiti wa LC1 na wazee wa ukoo waweza kutuliza ugomvi, lakini uamuzi ni wa mahakama. Chini ya Sheria ya Watoto ya Uganda, mama, baba, mlezi, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anayemwakilisha, aweza kuiomba Mahakama ya Familia na Watoto itoe tamko la uzazi. Ombi hilo hupelekwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Jina la mume likiwa limeandikwa katika daftari la vizazi, maandishi hayo ni ushahidi wa awali kwamba yeye ndiye baba. Si ushahidi usiopingika, ila mdai atahitaji hoja nzito: mume alikuwa wapi wakati mimba ilipotungwa, nani aligharimia matunzo, na zaidi ya yote, kipimo cha vinasaba, yaani DNA. Ni heri kipimo hicho kifanywe kwa amri ya mahakama. Sampuli iliyochukuliwa kwa siri huzua ubishi juu ya ni ya nani na ilichukuliwaje.

Mahakama ikimtangaza mdai kuwa baba, mtoto atakuwa na nafasi ileile kisheria kwake kama mtoto aliyezaliwa katika ndoa. Hata hivyo, tamko hilo peke yake halimpi haki ya kumchukua mtoto. Suala la malezi huamuliwa mbali, na hapo linalotangulizwa ni ustawi wa mtoto, pamoja na maoni yake kwa kadiri ya umri wake. Mume aliyemlea kwa miaka kumi si mgeni mbele ya mtoto huyo. Na anayedai ubaba ajue kwamba anadai pia wajibu: chakula, karo na matibabu.

Hapa ndipo tunapotoa onyo. Mwanamume asiyengoja mahakama, akamvizia mtoto njiani kutoka shuleni na kumvusha mpaka, atakabiliwa na kesi ya jinai, hata kama damu ni yake. Vivyo hivyo kwa mume atakayempiga mkewe au kumfukuza mtoto nyumbani kwa sababu ya fununu. Kwa upande mwingine, uzinzi wenyewe si kosa la jinai nchini Uganda tangu Mahakama ya Katiba ilipobatilisha kifungu hicho mwaka 2007. Kwa hiyo hatuwezi kumkamata mtu kwa hilo.

Ndugu msomaji, ukiwa na shauri la namna hii, anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au katika Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia kwenye kituo cha polisi kilicho karibu. Utaelekezwa njia ya mahakamani. Na katika siku zote za kungoja, tafadhali msimgombee mtoto mbele ya macho yake.